Nafasi Namba Kumi na Nne

Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani kwa gundi nyingi, na karatasi ilikuwa bado imelowa pale Bi Kalamu alipoweka kidole chini ya neno la kwanza. Nyuma yake walisimama watu sita, wote wenye vibanda na meza za kando ya barabara ile, wakimsubiri asome. Zamani wangemsubiri mtu mwingine. Lakini huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika kisomo cha jioni, na kwa kuwa alitembea na penseli aliyoichomeka kwenye kilemba, mtaa ulimpa jina hilo la Bi Kalamu, nusu kwa utani, nusu kwa heshima. Siku hizi heshima ilianza kuuzidi utani.

"Taratibu, shemeji," alisema fundi funguo. "Hatuna gari la kuwahi."

Alisoma taratibu. Baraza la jiji lingekutana Alhamisi saa tisa alasiri. Nafasi zote za biashara za kando ya barabara zilikuwa zimekaguliwa. Zile zenye watu zingepewa vibali vya miaka mitatu, na zile zilizo wazi zingegeuzwa maegesho ya pikipiki kuanzia mwanzo wa mwezi. Kisha ikaja orodha, namba na neno lake. Kumi na moja, yupo. Kumi na mbili, yupo. Kumi na tatu, yupo. Hapo fundi funguo akashusha pumzi ndefu na kujipigapiga kifua kama mtu aliyeponea chupuchupu. Kumi na nne.

Bi Kalamu akarudi mwanzo wa mstari, kwa sababu mwalimu wao aliwafundisha kwamba neno likikushangaza, lirudie, huenda kosa ni la jicho. Jicho halikuwa na kosa.

"Hakuna mtu," alisoma.

Kumi na nne ilikuwa nafasi ya mume wake. Wakati ule ule alikuwa ameketi pale, hatua kumi tu kutoka ukutani, kiatu cha mwanafunzi kikiwa katikati ya magoti, misumari mitatu mdomoni, akigonga soli.

*

Fundi viatu alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile aliyapunguza zaidi. Alitema misumari kiganjani, akafunga kazi kabla ya wakati, akachukua boksi la viatu lenye risiti za ushuru wa miaka kumi na saba, akaongozana na mke wake hadi ofisi ya jiji.

Ofisa aliyewapokea alikuwa kijana, umri wa mtoto wao wa kwanza. Hakuwa na dharau. Alikuwa na haraka tu, na haraka nayo huumiza. Alichukua risiti tatu za juu, akazitazama mbele na nyuma, akazirudisha ndani ya boksi.

"Mzee wangu, hizi zinaonyesha umelipa," alisema. "Hazionyeshi ulikuwa unakaa wapi."

Fundi akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu alipita kumwuliza. Ofisa akaeleza kwamba ukaguzi ulifanyika kwa picha, saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ikiwa tupu, ili kazi ya watu isivurugwe. Aliyekuwa na biashara alionekana kwa vitu vyake. Akageuza kioo cha kompyuta wajionee wenyewe. Picha ya kumi na nne ilionyesha kipande cha saruji, ukuta nyuma yake, basi.

Fundi aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kila jioni, kwa miaka kumi na saba, alifungasha kila kitu chake. Kigoda, meza, kalibu ya viatu, nyundo, kopo la gundi, hata vipande vya ngozi visivyofaa kitu, vyote aliviweka kwenye mkokoteni, kisha akafagia mahali pake hadi ukingoni mwa barabara, ndipo akaenda nyumbani. Wenzake walimcheka. Wao walifunika meza zao kwa turubai, wakazungushia mnyororo, wakaondoka. Kumbe picha ilipopigwa, turubai na minyororo iliwasemea wenyewe, na usafi wake ukamfuta.

"Kesho nitaacha vitu," alisema hatimaye.

Ofisa akasema ukaguzi umeshafungwa. Jambo lipo mezani kwa baraza, namba tisa katika orodha ya Alhamisi. Kama wana maoni, mkutano uko wazi kwa kila mwananchi, dakika tatu kwa kila mtu. Akamwita aliyefuata.

*

Nyumbani, mama mkwe aliyasikiliza yote huku akichambua mchele kwenye ungo. Habari ilipofika mwisho aliweka ungo chini.

"Kosa ni langu," alisema. "Mtoto huyu alikuwa akimaliza kula anafuta na sahani ya jirani. Ningemlea mchafu kidogo, leo tungekuwa na kibali."

Bi Kalamu alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka machozi, akainuka kwenda kuteka maji. Chumba chao, karo ya mtoto wa mwisho, dawa za macho za mama mkwe, vyote vilitoka kwenye kile kipande cha saruji chenye upana wa kitanda. Fundi wa viatu hawezi kuhamahama. Watu huacha kiatu asubuhi wakienda kazini na kukichukua jioni wakirudi. Wakikukosa mara mbili, wanaanza kumzoea mwingine.

Usiku ule kabla ya kulala walisali pamoja kama ilivyokuwa desturi yao, wote watatu kwenye mkeka. Mama mkwe aliomba haki. Fundi aliomba subira. Bi Kalamu, ambaye tayari alikuwa amekata shauri, aliomba kitu kimoja tu: sauti isimkatike mbele ya kipaza sauti.

Jumatano kwenye kisomo mwalimu alimsaidia kuandika. Aliandika mwenyewe, mwalimu akisahihisha, karatasi mbili kamili. Ilianza hivi: "Waheshimiwa madiwani, kabla hamjapitisha jambo namba tisa, naomba mnisikilize." Aliinakili mara tatu hadi mwandiko ukanyooka.

*

Langoni pa ukumbi wa baraza, mlinzi alimtazama kanga yake na viatu vyake vya raba, akamwonyesha njia ya nyuma.

"Wafanya usafi wanaingilia kule, mama."

"Nimekuja mkutanoni," alisema Bi Kalamu.

Mlinzi akaomba radhi, kwa kweli akaomba radhi vizuri, lakini neno lilikuwa limeshafika lilikokwenda. Kwenye mlango wa ndani, karani wa mapokezi alimsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba. Bi Kalamu akachomoa penseli kwenye kilemba. Karani akasema inatakiwa kalamu ya wino, akampa yake. Aliandika jina lake, mtaa wake, na jambo analotaka kusemea, herufi moja baada ya nyingine, na foleni ikakua nyuma yake. Mtu mmoja akakohoa kikohozi cha kumhimiza. Hakuharakisha. Fundi alisimama pembeni yake akiwa amevaa shati la kuendea ibada, mikono nyuma, akiutazama mwandiko ule kana kwamba yeye ndiye aliyeuzaa.

Ukumbi ulikuwa na harufu ya rangi mpya na zulia kuukuu. Madiwani kumi na moja walikaa kwenye meza iliyopinda, kila mmoja na bilauri ya maji na kabrasha nene. Mwenyekiti alikuwa katikati, karani wa baraza kulia kwake, na ukutani kulikuwa na kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha. Kiti cha jirani na Bi Kalamu kilikaliwa na mwalimu mmoja mstaafu mwenye koti la kijivu. Alijitambulisha mwenyewe, kwa kunong'ona, kwamba huu ulikuwa mkutano wake wa thelathini na mbili. Saa ya mnara wa jiji ilikuwa imesimama saa nne na dakika saba, na yeye hangekoma kuja mpaka itembee.

"Wananiita Mzee wa Saa," alisema. "Nimewazoea."

Mkutano ulianza. Kumbukumbu za mkutano uliopita zikathibitishwa. Barua mbili zikasomwa vichwa tu. Kisha mwenyekiti, bila kuinua macho, akasema: "Mambo ya kawaida, namba nne hadi namba kumi na mbili, kama yalivyo kwenye makabrasha. Wanaokubali?" Mikono ikanyooka. "Yamepita." Karani akagonga muhuri. Diwani mmoja akamimina maji.

Bi Kalamu alikuwa ameshika karatasi zake kwa mikono miwili, akisubiri namba tisa isomwe. Alikuwa amejiandaa kuinuka. Alisikia wakianza kuzungumzia mkataba wa mafuta ya magari, namba kumi na tatu, akamgeukia Mzee wa Saa kumwuliza tisa wataifikia lini.

"Imepita, mama," alinong'ona mzee. "Yale ya kawaida hayasomwi. Yanapita yote kwa mkupuo."

"Bado sijasema."

"Wananchi wanasema mwisho."

Aliutazama mstari wake wa kwanza. *Kabla hamjapitisha.* Alihisi kama mtu aliyekimbilia kuaga msafiri akakuta vumbi tu. Fundi, ambaye alisikia yote, aliweka mkono wake mgumu juu ya mkono wa mkewe na kusema waende zao tu, wasijidhalilishe.

"Mkutano haujafungwa," alisema Mzee wa Saa, safari hii bila kunong'ona sana. "Mpaka ufungwe, wanaweza kurudi nyuma. Nimewaona wakirudi mara mbili katika mikutano thelathini na miwili."

Mara mbili si nyingi. Lakini Bi Kalamu hakuwa ameomba ushindi, alikuwa ameomba sauti. Akakaa.

*

Maoni ya wananchi yalianza baada ya dakika arobaini. Mwanamke mmoja alilalamikia taa ya barabarani inayowaka mchana na kuzimika usiku. Mtu wa pili alilalamikia mbwa wa jirani. Mzee wa Saa alisimama, akazungumzia saa ya mnara, akamaliza dakika zake tatu kwa sekunde kamili, akashukuru, akakaa. Madiwani walisikiliza kama watu wanaosubiri mvua ikatike. Kisha jina la Bi Kalamu likaitwa, jina lake halisi, na ilimchukua kitambo kujua kwamba ni yeye.

Kipaza sauti kilikuwa juu mno. Hakukishusha, hakujua kama inaruhusiwa. Alisimama kwa ncha za vidole, akakunja karatasi zake mbili, akazibana kwapani.

"Waheshimiwa, nilikuwa nimeandika," alisema. "Lakini niliandika kwa ajili ya kabla, na sasa ni baada. Naomba tu picha. Ya nafasi namba kumi na nne, barabara ya soko la nguo, jambo la tisa."

Mwenyekiti akasema jambo hilo limeshapita. Bi Kalamu akasema anajua, anaomba tu picha. Karani akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akainua mabega, karani akaanza kutafuta kwenye kompyuta. Ikachukua muda. Namba nyekundu za dakika zilizokuwa juu ya mlango ziliendelea kushuka, mbili na nusu, mbili na robo.

"Saa isimamishwe wakati wa kutafuta," ilisikika sauti kutoka kwenye viti.

Alikuwa Mzee wa Saa. Kicheko kikaanzia kwa madiwani wenyewe, na mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Mtu wa mikutano thelathini na miwili ya kutaka saa itembee, leo anataka saa isimame. Lakini waliisimamisha.

Picha ikatokea ukutani. Saruji, ukuta, basi.

"Sasa naomba ya kumi na tatu," alisema Bi Kalamu.

Ikaja meza ya fundi funguo, turubai lake, mnyororo, magunia mawili, maganda ya karanga, chuma cha pikipiki ambacho hakuna aliyejua ni cha nani. Akaomba kumi na tano. Ikaja mbao zilizovunjika, matairi, chupa, na karatasi zilizosukumwa na upepo ukutani. Akaomba ile ya kumi na nne irudishwe.

Ilionekana upya sasa, kama mtu aliyenawa uso. Saruji ilikuwa safi kutoka ukutani hadi ukingoni, na kwenye vumbi la ukingo kulikuwa na michirizi myembamba iliyolala upande mmoja, alama za ufagio. Karibu na ukuta kulikuwa na vishimo vinne vidogo, mahali miguu ya kigoda ilipozama kwa miaka.

"Waheshimiwa, mahali pasipo na mtu hujaa takataka," alisema. "Hapo hapana hata kizibo cha soda. Karatasi yenu inasema hakuna mtu. Kama hakuna mtu, nani amefagia?"

Diwani aliyekuwa akimimina maji aliacha kumimina.

"Ni mume wangu," alisema Bi Kalamu, na sauti haikukatika. "Yule pale, mwenye shati jeupe. Anashona viatu. Kila jioni anaondoa vitu vyake vyote kwa sababu anasema barabara ni ya watu, yeye anaiazima mchana tu. Alfajiri mlipokwenda na kamera, alikuwa bado hajafika. Miaka kumi na saba, yupo hapo. Sina zaidi."

Alikuwa na sekunde hamsini zilizobaki. Alizirudisha kwao, akaenda kukaa. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Diwani mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, akawasha kipaza sauti chake.

"Mwenyekiti, karibu saa moja iliyopita nilinyoosha mkono kupitisha ukurasa ambao sikuufungua," alisema. "Naomba tulirudie jambo la tisa."

Mwenyekiti alimwuliza karani kama kanuni zinaruhusu. Karani akasoma kifungu: inaruhusiwa, ikiwa mkutano haujafungwa na mwombaji alikuwa miongoni mwa waliopitisha. Wakapiga kura. Mikono saba ikanyooka kukubali, mitatu kukataa, na mmoja hakuwa amesikia, alikuwa akiandika kwenye simu. Nafasi namba kumi na nne ikaondolewa kwenye orodha ya maegesho hadi ikaguliwe upya, Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenyekiti akaonya kwamba hiyo si ahadi. Mkaguzi ataandika atakachokikuta.

*

Kuanzia Ijumaa kila mtu alikuwa na ushauri. Fundi funguo alimshauri Fundi aache meza, kigoda, na ikiwezekana rundo lolote lile.

"Nitakukopesha uchafu, shemeji," alimwambia Bi Kalamu. "Ninao wa kutosha."

Fundi alisikiliza, akashukuru, na Jumapili jioni akafungasha kila kitu kama siku zote na kufagia hadi ukingoni. Mkewe alitaka kumlaumu, akashindwa. Mtu akimwacha mume wake alivyo kwa miaka ishirini na sita, hawezi kumbadilisha kwa sababu ya picha moja.

Saa kumi alfajiri waliamka, wakasali, wakatoka. Mama mkwe alikataa kubaki. Alikuja na kigoda chake mwenyewe na shuka begani. Mkokoteni ulilia njia nzima. Walipofika, kumi na tatu ilikuwa na turubai lake na pembeni ya turubai alisimama fundi funguo akipiga miayo. Alidai usingizi ulimkimbia. Fundi akashusha meza yake, akapanga nyundo na kalibu, akaweka miguu ya kigoda kwenye vishimo vyake vinne, akaketi. Kisha wakasubiri, na kijivu cha alfajiri kikaanza kuzitenga nyumba moja moja.

Mkaguzi alikuwa msichana mwenye koti la mvua na ubao wa karatasi. Alipita kumi na moja bila kusimama, kumi na mbili, kumi na tatu. Akasimama mbele ya kumi na nne, akawatazama watu wanne waliojipanga pale saa zile kama wanaosubiri kupigwa picha ya familia, akatabasamu kidogo na kujizuia.

"Nafasi hii ni ya nani?"

Fundi alisimama. Alifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa bado safi.

"Mimi hapa," alisema.

Msichana alipiga picha yake, akaandika. Bi Kalamu akasogea, akaomba kwa adabu kama anaweza kuona kilichoandikwa. Mkaguzi akasita, kisha akaugeuza ubao. Mwanga ulikuwa bado mchache, ikabidi Bi Kalamu ainame, kidole chini ya mstari. Kumi na nne. Fundi viatu. Halafu lile neno. Alilisoma, akarudi mwanzo wa mstari, akalisoma tena, kama alivyofundishwa.

"Limesemaje?" aliuliza mama mkwe, ambaye macho yake hayakuona hata ubao wenyewe.

"Yupo," alisema Bi Kalamu.

Mama mkwe akafunika uso kwa shuka, akanong'ona sala. Fundi funguo aligeuka upande wa turubai lake na kuanza kuokota maganda ya karanga, moja moja. Mkaguzi alikwisha kwenda zake kumi na tano. Fundi alichukua ufagio, akafagia pale msichana alipokuwa amesimama, akauegemeza ukutani, akatia misumari mitatu mdomoni, na kunyoosha mkono kwa kiatu cha kwanza.